Mchele Uliomwagika Kwenye Chuma

Tiki-tiki-tiki. Sauti ilitoka ndani ya kabati lililofungwa, nami nilikuwa peke yangu dukani, nimeshika kikombe cha chai ambacho sikukinywa tena. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kazini kwa Bwana Hirji, muuza silaha za kale hapa Tooting, kusini ya London. Nilikuwa nimekwisha kuambiwa kwamba kabatini mna keris, visu vya Kijava kutoka Indonesia, na kwamba Wajava husema keris yenye roho hugonga ndani ya ala yake ikitaka kumwonya mwenyewe. Tiki-tiki-tiki. Nikaanza kusoma Ayatul Kursiy. Nilipofika katikati sauti ikanyamaza, nikajiona walii. Punde ikaanza tena, nami nikaanza tena, tukashindana hivyo mpaka Hirji aliporudi akanikuta nimesimama mbele ya kabati, jasho linanitiririka.

"Mpemba," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Mombasa alikozaliwa, "waisomea treni?"

Treni ya chini ya ardhi hupita chini ya duka lile. Kila ikipita sakafu hutetemeka kidogo, na kisu kilicholegea katika ala yake hugonga. Wateja walikuja na kuondoka, na Hirji hakuacha kuwasimulia. "Huyu," husema akininyooshea kidole, "ndiye shehe wa reli."

Sasa nimestaafu, na nyinyi vijana mnaonitumia picha za visu kwa simu mkiniuliza, "Babu, hiki cha kweli?" mnadhani nilizaliwa na ujuzi huu. Nilizaliwa Wete, mtoto wa mchuma karafuu, na mpaka natimiza umri wa kuoa, kisu nilichokijua vizuri kilikuwa cha kuparia samaki. Wengi wenu mmezaliwa hapa London. Nawasemesha kwa Kiswahili mnanijibu kwa Kiingereza. Haidhuru. Someni hivyo hivyo, na mkikwama waulizeni mama zenu.

Keris ni kisu chenye ncha kali, kingine kimenyooka, kingine kimepindapinda kama nyoka anayeogelea. Mapindo yake daima ni witiri. Mimi siku moja niliyahesabu mbele ya wateja nikapata shufwa, nikatangaza kwa sauti kubwa kwamba duka letu lina keris ya ajabu isiyo na mwenziwe duniani. Hirji akanivua miwani, akaifuta kwa shati lake, akanivisha tena. "Hesabu upya, shehe."

Lakini mapindo si kitu. Mapenzi yetu sisi wakusanyaji yako kwenye nakshi ya chuma, ile ambayo Wajava huiita pamor. Mhunzi huchukua chuma cheusi na chuma chenye nikeli, hukunja na kufua, hukunja tena na kufua tena, kama mpishi wa chapati anavyokunja unga na samli ili zitoke tabaka. Kisha kisu huoshwa kwa maji ya ndimu na dawa yenye aseniki. Chuma hugeuka cheusi, nikeli hubaki nyeupe, na nakshi hutokeza kama yale maandishi ya maji ya ndimu tuliyoyacheza skuli, karatasi ikipashwa moto. Kuna nakshi iitwayo ganda la tikiti, kuna iitwayo mvua ya dhahabu, na kuna mchele uliomwagika, vipunje vyeupe vilivyotawanyika gizani. Ukiiona ya namna hiyo mara moja, utaanza kuzembea kulipa umeme.

Ganda la tikiti ndilo lililonifilisi kwanza. Niliiona keris hiyo kwenye mnada wa barabarani Kilburn, mistari yake imejikunja kama mawimbi, nikainunua kimyakimya kama mwizi, nikarudi nayo nyumbani kifua mbele. Mke wangu Zuwena aliitazama akasema, "Wenzio huleta kuku." Kesho yake nikampelekea Hirji. Hakuitazama ubavuni hata kidogo. Aliigeuza, akautazama mgongo wake mwembamba, akanirudishia.

"Wajua halua?" akaniuliza.

"Mimi ni Mpemba, Bwana Hirji."

"Halua ukiikata popote, ndani ni kama nje. Sasa tazama mgongoni. Nakshi yako imeishia wapi?"

Ilikuwa imeishia ukingoni, imechorwa kwa asidi ubavuni tu, kama nyumba iliyopakwa chokaa upande wa barabarani. Basi hilo ndilo jibu la nusu ya picha mnazonitumia: nipigieni picha ya mgongo. Mkipata nafasi ya kukishika, pitisheni ukucha taratibu. Katika kisu kizee nikeli huinuka kidogo kuliko chuma kilichoizunguka, na ukucha huhisi kabla jicho halijaona. Na msikichomoe kama wacheza sinema. Elekezeni ncha juu, mkishike kisu kitulie, muivute ala iondoke. Ala ndiyo inayotolewa kwenye kisu. Wajava wanaona ni adabu. Mimi naona ni kulinda vidole pia, na ushahidi ninao kwenye kidole gumba cha kushoto.

Halafu kuna habari ya mafuta. Keris hupakwa mafuta isile kutu, na Wajava hutumia ya msandali. Mimi nilijiuliza: mtoto wa Pemba nipake msandali, na karafuu zipo? Nikanunua mafuta ya karafuu safi, nikaipaka keris ya mteja mmoja tangu ncha mpaka mpini, na kwa ukarimu nikaipaka hata ala yake iliyokuwa imechorwa maua mekundu na ya kijani. Hakuna aliyeniambia kwamba mafuta ya karafuu hula rangi. Asubuhi maua yote yalikuwa yameshuka chini ya ala yakatengeneza kidimbwi. Duka lilinuka kama kwa daktari wa meno kwa muda mrefu, na wateja walipoingia walishika mashavu yao bila kujua kwa nini. Hirji hakunifukuza. Alisema akinifukuza hatakuwa na hadithi za kusimulia.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa la kwanza kabisa, na nalisimulia kwa sababu bila hilo hamtaelewa yatakayofuata. Kwetu, kitu cha heshima hung'arishwa. Idi ikikaribia, mabirika ya shaba, masinia, jambia la babu, vyote husuguliwa kwa majivu na ndimu mpaka unaona meno yako. Basi Hirji aliponipa keris nyeusi iliyofifia akaniambia niifute vumbi, mimi nikaona aibu kumrudishia kitu kichafu. Nilisugua mchana kutwa. Nilimkabidhi ikiwaka kama kijiko cha hospitali, nikasimama kungoja sifa.

Hirji alikaa chini. "Mpemba," alisema polepole, "nilikwambia uifute vumbi. Mbona umeichuna ngozi?"

Nakshi yote ilikuwa imepotea. Kwa bahati haikuwa imekufa, maana imo ndani ya chuma. Weusi tu ndio uliokuwa umeondoka, na bila weusi weupe hauonekani. Hirji alinifundisha kuurudisha. Alikuwa na kibali cha ile dawa, na chupa yake aliifungia kuliko alivyofungia dhahabu. Nyinyi msiitafute. Ni sumu, na sheria imekaza. Pelekeni kwa wenye kibali, mkae mlangoni mnywe chai.

Ndipo miaka michache iliyopita, mimi nikiwa nimekwisha kuota mvi na Hirji amekwisha kuhamia kwenye kiti cha pembeni, ambako kazi yake ilikuwa kunitukana, alipoingia Bi Ratna.

Alikuwa mama wa Kijava, mfupi, koti lake limefungwa mpaka shingoni. Tulisemezana Kiingereza, lakini aliponisalimu kwa lugha yao, "Apa kabar?" mimi nikajibu "Nzuri" bila kufikiri, maana niliisikia habari humo. Alicheka, akaniuliza jina, na tangu hapo nikawa Pak Khamis, yaani Bwana Khamis kwa lugha yao. Akagonga meza: "Meja." Nikasema, "Meza." Akaonyesha bendera ndogo ya meli kwenye rafu: "Bendera." Nikasema, "Bendera." Hirji akauliza kama tumemaliza kuoana au aondoke kidogo.

Bi Ratna akafungua furushi lake. Keris ilikuwa nyeupe pee, inameta kiasi cha kuumiza macho.

"Ya baba yangu," alisema. "Mwanangu anaoa. Bwana harusi wetu huchomeka keris kiunoni kwa nyuma, na shada la asumini. Siwezi kumvika mwanangu kisu kilichokufa."

"Nani aliyeiua?" aliuliza Hirji, ambaye hakuwahi kumsaidia mtu kuteremka ngazi za maneno.

"Mume wangu." Akashusha sauti kana kwamba mumewe yuko nje. "Len. Mwingereza. Baba alipompa keris mkononi siku ya ndoa yetu, Len alisema kitu cha mkwe wake hakitaona kutu maadamu yu hai. Kila Jumapili baada ya chakula hukaa jikoni akaisugua kwa dawa ya shaba. Kila Jumapili, Pak Khamis. Anaimba akisugua. Ningemwambiaje?"

"Ungemwambia, 'Acha,'" alisema Hirji.

"Wewe ulioa?"

"Nilioa."

"Basi umesahau."

Hirji akafunga mdomo, jambo ambalo niliwahi kuliona mara chache kuliko kupatwa kwa jua. Mimi nikamwambia Bi Ratna kwamba hata mimi niliwahi kuichuna keris ya watu, tena nikasubiri nipongezwe. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyegundua kwamba daktari wake naye anakohoa.

"Nataka mambo mawili," alisema, "na najua yanagombana. Nakshi irudi kabla ya harusi. Na Len asijue kwamba ni yeye aliyeiondoa. Ni mtu mzima. Moyo wake ni mwema, lakini si wa kupigwapigwa."

"Lakini ataiona imekuwa nyeusi."

"Ndiyo."

"Utamwambia nini?"

"Sijui. Kila siku nasema nitamwambia kesho."

Hapo kichwa changu kikavimba. "Niachie mimi, Bi Ratna," nikasema. Kutoka kitini Hirji akakohoa kile kikohozi chake cha kuniita mjinga mbele ya wageni.

Nilinunua ndimu kwa Mama Selvi, Mtamil mwenye duka la mboga aliyepakana nasi, nyingi mpaka akaniuliza kama tuna harusi. Nikailaza keris katika maji ya ndimu mpaka mafuta na dawa ya miaka yote ile yakaondoka, na chuma kikawa kikavu na cha kijivu kama ulimi wa mgonjwa. Kisha nikavaa glavu, nikaanza kupaka ile dawa ya aseniki kwa brashi, tabaka juu ya tabaka. Baina ya tabaka na tabaka kisu kinataka kukaushwa kwa jua. Huko Java jua si habari. Hapa London wiki ile mbingu zilikuwa sufuria iliyofunikwa.

Harusi ilikuwa inakaribia. Nikachukua mashine ya kukaushia nywele ya Zuwena bila kumwomba. Nilikausha, nikapaka, nikakausha, nikiona raha ya mtu aliyewashinda wahunzi wa kale kwa umeme. Dawa ilikauka haraka kabla haijauma chuma. Nilipomaliza, keris ya baba yake Bi Ratna ilikuwa na mabaka ya manjano kama kichwa chenye mashilingi ya choa.

"Maridadi," alisema Hirji. "Bwana harusi akavalishwe na kilemba cha dawa."

Nikaosha tena kwa ndimu. Nikaanza upya, na safari hii nikamwomba Mungu jua badala ya kumwomba Zuwena umeme.

Lilitoka asubuhi ya siku moja kabla ya harusi. Ua wetu wa nyuma ni mdogo kama mkeka wa watu wawili, na jua lilipoingia lilikuwa kipande tu, upana wa taulo. Nikakimbia nikaweka keris humo. Jua likasogea. Nikasogea nalo. Likapanda ukutani, nikapanda nalo juu ya pipa la taka, mkono umeinuka, kisu kimeelekea mbinguni. Sasa jioneeni wenyewe: mzee wa kofia ya kiua, glavu za waridi za kuoshea vyombo, jambia la kigeni mkononi, anachungulia uani kwa watu. Upande wa pili Mama Selvi alikuwa anaanika nguo. Aliinua macho akapiga ukelele ambao nadhani ulisimamisha treni.

"Bwana Khamis! Shuka! Kama ni mke wako, msamehe!"

"Simwui mtu, Mama Selvi! Naianika!"

"Unaanika kisu?"

"Ndiyo! Kimetoka kwenye ndimu!"

Akashika kiuno. "Ndimu zote zile, mimi nikadhani unatia achari!" Kisha akatazama ukuta, akatazama jua, na kwa kuwa anajua kuanika kuliko mimi akasema, "Hapo litakukimbia. Zunguka uje huku, kwangu linakaa mpaka adhuhuri."

Basi keris ya Kijava ilikaushwa Tooting, baina ya shuka na sari, na mimi nimekaa juu ya kreti la bamia nikilinda, na Mama Selvi akiniuliza kila mara kama imeiva. Nilipaka, nikaanika, nikapaka. Mwanzo hakukuwa na kitu. Kisha chuma kikaanza kuingia giza polepole, kama chumba mtu anapofunga madirisha moja moja. Na ndani ya giza lile kikatokea kipunje kimoja cheupe. Kikatokea cha pili. Vikaja karibu na mpini, vikashuka katika kila pindo, vimetawanyika bila mpango na bila kosa, kama mtu aliyebeba ungo akashtuliwa na habari njema.

"Mchele," alisema Mama Selvi, ambaye hakuna aliyemwambia jina la nakshi ile.

Nililia kidogo. Nikamwambia ni dawa imeniingia machoni. Akasema kama dawa imeingia machoni aite gari la wagonjwa, ikabidi nikiri kwamba ni machozi tu.

Mchana nilikwisha kuiosha, kuipaka msandali, na kuilaza juu ya kitambaa mezani dukani, nikimngoja Bi Ratna. Mlango ukafunguka. Aliyeingia alikuwa mwanamume mkubwa, mabega yameinama kidogo, kofia mkononi.

"Mimi ni Len," alisema. "Ratna yuko ukumbini na asumini zake, na jamaa zake wametua leo. Kanituma nimchukue baba mkwe, huyu wa chuma."

Nilimwangalia Hirji. Hirji aliangalia dari. Yale yote niliyokuwa nimeyapanga tangu siku ile niliposema "Niachie mimi" yakanitoka kama maji kwenye pakacha. Bwana Len akaikaribia meza.

"Hiyo," nilianza, "hiyo ni rangi tu. Rangi ya harusi. Desturi yao. Hupakwa kwa ajili ya siku yenyewe, kisha... kisha hutoka."

Alivaa miwani yake. Hakugusa. Aliinama mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye chuma, akakitazama kisu tangu mpini, pindo kwa pindo, hata karibu na ncha, ambapo nakshi ilikuwa hafifu sana, vipunje vimepauka karibu kupotea. Akaweka kidole hewani juu ya mahali hapo.

"Hapa ndipo huwa nakaza," alisema.

Akainama zaidi, akautazama mgongo wa kisu.

"Hii haikupakwa. Imo ndani."

"Imo ndani," nikasema.

"Siku zote ilikuwamo."

"Siku zote."

Aliinuka taratibu, kwa kushika meza. "Na Ratna anajua?"

Nikaichukua ala nikaanza kuifuta vumbi lisilokuwapo. Nadhani uso wangu ulimjibu.

"Huniletea chai," alisema Bwana Len. "Kila Jumapili nikianza kusugua, ananiletea chai, anakaa kiti cha pili, ananitazama. Nilidhani anapenda kuona inavyong'aa." Treni ikapita chini, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyefanya mzaha. "Alikuwa anatazama hii inaondoka, na ananiletea chai."

"Anakupenda, bwana," alisema Hirji kutoka pembeni, kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Hilo nalijua. Nilikuwa sijui kiasi gani." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Usimwambie kwamba nimejua."

"Lakini..."

"Nitamwambia umenieleza ni rangi ya harusi. Si ndivyo ulivyonieleza?"

"Ndivyo."

"Ulinieleza vibaya sana," alisema, na akatabasamu kidogo. "Lakini mimi ni mtu wa kuamini. Atafurahi kwamba nimeamini."

"Na Jumapili?" nikauliza. "Akikuona husugui?"

Aliitazama mikono yake, mikubwa, viungo vimevimba. "Nitasema mikono inauma. Nitasema daktari kanikataza. Chai nitaendelea kunywa."

Niliivika keris ala yake, nikaizungushia kitambaa, nikampa kwa mikono miwili. Aliipokea kwa mikono miwili, ingawa hakuna aliyemfundisha mbele yangu. Alipofika mlangoni akasimama, akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kitambaa cha manjano kilichokunjwa vizuri, laini kwa kufuliwa, pembe moja imeingia weusi usiotoka.

"Nilikuja nacho," alisema, "niipitishe mara ya mwisho kabla ya harusi."

Akarudi hatua mbili, akakiweka juu ya meza, akakinyoosha kwa kiganja kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Kisha akatoka na kisu cha mkwe wake kifuani, na mlango ukafungwa nyuma yake.